Mhariri, dada wa kazi wamemhamishia kwenye apu

Ndugu Mhariri,

Mbukwenyi kutoka Dodoma. Mimi ni fundi cherehani, kibanda changu kipo Majengo sio mbali na soko, gazeti lako nanunua mara mojamoja na nikishalisoma nalikatia mfano wa gauni kabla sijatia mkasi kwenye kitambaa cha mteja, kwahiyo kwangu hamna ukurasa unaotupwa. Leo naomba nafasi niongelee tamthilia. Najua wapo watakaosema nchi ina mambo makubwa, Bunge lipo hapahapa mjini halafu we mama unaandika habari za tamthilia, sawa, wa Bunge waandike ya Bunge, mimi naandika ninalolijua.

Kuna tamthilia moja ya kibongo inaonyeshwa saa moja na nusu jioni siku za kazi. Jina silitaji, sitaki ugomvi na mtu, na wanaoifuatilia wataijua tu nikianza kueleza. Mwaka wa nne huu naiangalia. Pale kibandani nina TV ndogo nimeiweka juu ya kabati la vitambaa, na ikifika saa moja na robo wale wateja waliotakiwa kuchukua nguo saa kumi ndo wanafika kuchukua, mnaelewa maana yake. Mama wa vitumbua anakuja na ndoo yake anaigeuza anaikalia. Dada wa saluni ya jirani anakuja na mteja wake nusu kichwa kimesukwa nusu bado, wanaendelea kusukia hapohapo. Kuna kijana wa bodaboda yeye hakai, anasimama mlangoni na helmeti mkononi anajifanya anasubiri abiria, ila mwaka wa pili huu abiria wa muda huo sijawahi kumwona. Cherehani nazima. Sio kwa heshima, inapiga kelele.

Sasa kwenye hiyo tamthilia kuna dada wa kazi. Miaka mitatu na kitu kazi yake ilikuwa kubeba sinia la chai, anaingia, anaweka, anasema "karibuni chai", anatoka, na mabosi wanasubiri atoke ndo waendelee kutukanana. Nadhani hata mwandishi alikuwa hana habari nae. Ila sisi tulikuwa tunamwangalia yeye. Huku kwetu kila mtaa una binti aliyeenda Dar kufanya kazi za ndani, mwingine amerudi, mwingine hajarudi, kwahiyo yule dada akiingia na sinia mama wa vitumbua anasema mwangalieni mwenzetu, mwangalieni macho yake, huyu anajua kitu. Na kweli alikuwa anajua kitu.

Mwezi wa tatu mwaka huu sehemu ya Ijumaa ilipoisha wakatoa tangazo kwamba huyo dada anapata tamthilia yake mwenyewe, maisha yake kabla hajaja mjini, sehemu nane, ila itaonekana kwenye apu tu, kwenye TV haitakuja. Binti yangu anasema inaitwa spinofu. Mimi naiita mtoto wa tamthilia maana imezaliwa na ile, ina sura yake, ila imehamia kwake.

Niseme ukweli nilifurahi mpaka nikapiga makofi. Mama wa vitumbua akauliza apu ndo chaneli namba ngapi.

Binti yangu yupo Dar, akaniunganishia kwenye simu yake ya zamani aliyoniachia, akalipia mwezi wa kwanza, na Jumapili nikafunga kibanda nikalala chali na simu kifuani nikaanza. Mhariri ile kitu ni nzuri. Naisema hii mapema ili mtu asije akanisoma mpaka katikati akadhani mi ni wale wa zamani tu ndo palikuwa pazuri. Ni nzuri kuliko mama yake. Sehemu moja dakika ishirini na tano, hamna kurudia ya jana dakika tano, hamna mtu kugeuka taratibu mara tatu na mziki juu. Walikopigia sijui ila kuna mbuyu na vumbi jekundu na upepo ule wa mwezi wa nane, nikasema hii kama sio Bahi basi ni ndugu yake Bahi. Na dada mwenyewe kumbe anajua kuigiza! Miaka mitatu walimficha nyuma ya sinia.

Kuna kipande kwenye sehemu ya tatu mpaka leo kipo kichwani. Ameshafika mjini, anafua nguo uani. Anafua kanga moja ya kijani, anaikamua, kabla hajaianika anaisogeza puani anainusa. Hasemi kitu. Kamera imetulia palepale, unasikia maji yanadondoka kwenye beseni tu, na nyuma redio ya jirani kwa mbali. Halafu anaianika, anainyoosha pindo kwa vidole vyake viwili hivi, polepole, kama mtu anayemfunika mtoto. Basi, imeisha hiyo. Mimi kazi yangu ni nguo miaka ishirini na sita, najua mtu anavyoshika nguo anayoipenda na anavyoshika nguo ya bosi, na pale nikajua kabisa hii kanga sio ya bosi. (Kosa lao moja, hawakuonyesha maandishi. Kanga bila maandishi si ni shuka tu jamani, walishindwa nini kuinyoosha vizuri tukasoma.)

Kwahiyo raha niliipata. Shida ilianza hapohapo kwenye raha, maana nilivyoona kile kipande nikageuka ili niseme "mmeona?" na nilikuwa nimegeukia ukuta.

Niende kwenye sehemu ya sita, na hapa ndo kiini cha barua yangu. Sehemu ya sita inatoka Alhamisi usiku kwenye apu. Humo tunaambiwa, yani tunaambiwa wazi kabisa, kwamba yule mtoto wa kiume wa bosi, yule ambae kwenye ile tamthilia kubwa ndo mrithi, ndo familia nzima inagombania nae mali mwaka wa nne huu, ni mtoto wa dada wa kazi. Alimzaa yeye. Ile kanga ndo aliyomfungia siku ya kwanza. Nililia Mhariri, sina aibu, nililia na simu ikazima chaji nikalia gizani.

Jumatatu saa moja na nusu kama kawaida watu wamejaa. TV inawaka, dada anaingia na sinia, mtoto anadondosha kikombe, dada anasema "mwanangu usikanyage vigae". Mwanangu. Mama mwenye nyumba anasimama, baba anasimama, mziki, kila mtu kwenye TV anapiga kelele amejuaje, nani amemwambia, umeanza lini. Na kibandani kwangu kimya. Kijana wa bodaboda ndo akauliza, kwani huyu vipi, si anamwita mwanangu kama dada yoyote wa kazi anavyomwita mtoto, wanagomba nini? Mama wa vitumbua akanigeukia mimi, maana alijua nina simu. Akasema, mwenzetu, hapa katikati tumekosa nini?

Nikamwambia. Sasa ningefanyaje. Nikamweleza mbuyu, uani, kanga, hospitali, yule mkunga, nikaeleza kwa mikono na macho nilivyoweza, na watu walisikiliza, ila unajua unavyosimuliwa chakula. Nilipomaliza alikaa kidogo pale kwenye ndoo, akasema, na mimi nilitaka nilie wakati wa kulia. Akabeba ndoo akaondoka, hata sehemu haijaisha. Yule mama ameangalia tamthilia ile siku kwa siku kwa miaka mitatu na nusu, ndie wa kwanza kusema yule dada anajua kitu, halafu siku kitu chenyewe kinasemwa hakuwepo. Simu yake ni kitochi.

Sasa watu wakisikia hivi wanarukia moja kwa moja kwenye hela. Bando ni ghali, wanyonge hawana smatifoni, serikali ishushe bei. Ni kweli, bando linauma, sehemu moja nikiiangalia kwa picha nzuri naona MB zinavyoyeyuka kama barafu juani, nikipunguza ubora sura ya dada inakuwa vyumba vyumba kama kitambaa cha draft, na mwezi wa pili apu ikajikata yenyewe hela kwenye simu bila hata hodi. Ila hela kwangu sio jambo lenyewe. Tungeweza kuchanga. Siku hizi mimi na mwenye saluni na hata yule bodaboda wote tunayo hiyo apu, na ndo nilipogundua kitu ambacho hakijanitoka.

Hatuongei tena.

Nimeingia saluni Jumamosi, nikaanza, jamani mmeona yule mkunga, dada wa saluni kaziba masikio kwa mikono yote miwili imejaa mafuta ya nywele, usiniambie usiniambie mi niko sehemu ya nne! Bodaboda yeye ameshamaliza zote nane usiku mmoja, akiwa kijiweni Sabasaba anasubiri abiria, nikimuuliza anacheka tu anasema utaona. Yani mmoja yuko mbele, mmoja nyuma, mimi katikati, kila mtu amebeba siri anamlinda mwenzie asiijue. Zamani tulikuwa hatuna kitu ila sote tulikuwa hatujui kwa pamoja. Ijumaa ikiishia mlango unagongwa, nani anagonga, tunakaa na hiyo nani anagonga Jumamosi na Jumapili, sokoni, kanisani, msikitini, kwenye foleni ya kununua luku, na kila mtu ana lake. Ule mjadala ndo ilikuwa tamthilia, ile ya kwenye TV ilikuwa sababu tu.

Mpwa wangu anasoma UDOM mambo ya mawasiliano, nilimweleza haya akaniambia shangazi wewe unajua Dodoma tulishawahi kunyimwa mchezo makusudi? Nikasema mchezo gani. Akasema Twende na Wakati.

Mhariri wale wa umri wangu watakumbuka. Redio Tanzania Dar es Salaam, ulianza 1993, mara mbili kwa wiki, nusu saa. Habari za uzazi wa mpango na ukimwi ila waliuweka kwenye hadithi, kulikuwa na dereva wa lori anaitwa Mkwaju, kila kituo ana mwanamke, na mkewe Tunu nyumbani na watoto. Shangazi yangu wa Dar alipokuja likizo alitukuta hatumjui Mkwaju, akatushangaa kama watu tusiojua chumvi. Kumbe, mpwa wangu kasoma, sio kwamba redio yetu ilikuwa mbovu. Watafiti walitaka kujua huo mchezo unabadilisha watu kweli au hapana, kwahiyo vituo vingine vya redio vikaurusha na kituo cha Dodoma kikapewa vipindi vingine, ili baadae walinganishe wa huku waliokosa na wa kule waliopata. Miaka miwili! Mpaka 1995 ndo na sisi tukafunguliwa. Nimeishi miaka yote hii nikijua sisi tulichelewa tu kama tunavyochelewa vitu vingine, kumbe tulikuwa kipimo.

Sikukasirika sana, walikuwa na sababu yao na wengine huenda walipona kwa sababu hiyo. Ila nikamuuliza, sasa walivyolinganisha walikuta nini? Akasema walikuta wanaosikiliza walibadilika, ila kikubwa zaidi, kilichowabadilisha ni maongezi. Mume na mke wanasikia Mkwaju kafanya hivi, redio ikizimwa wanaanza, na wewe je, na sisi je. Watu wazito waliotoka Marekani walikuja na madodoso yao wakaandika mavitabu kusema kile ambacho mama wa vitumbua anakijua akiwa amekalia ndoo.

Ndo maana nikasema sio hela. Mwaka 1993 watu wa Dar walisikia na sisi hatukusikia, iliuma, lakini wao kule kwao walisikia wote saa ileile. Saizi tumegawanywa mpaka ndani ya nyumba moja.

Na sisi sio wageni wa kuhamishwahamishwa. Miaka ile ITV wakionyesha tamthilia ya Isidingo nilikuwa nakwenda kwa jirani Mailimbili, sebule imejaa mpaka watoto wanakaa chini ya meza, na Kiingereza chenyewe hatukijui, kulikuwa na kijana wa kidato cha nne ndo mkalimani wetu, Cherel akifungua mdomo kijana anasema "anasema atamuua". Barker Haines akifungua mdomo, "na huyu nae anasema atamuua". Mpaka leo sijui kama ndo walikuwa wanasema hivyo. Ile kitu ilianza kwao Afrika Kusini 1998 ikaja ikafa Machi 2020, na ilivyokufa kuna watu Dodoma walisikitika kama msiba wa ndugu. Halafu mwanzoni mwa 2013 wakazima analojia, antena yangu ya juu ya mti ikawa ya kunguru, ikabidi ninunue king'amuzi, na miezi kama minne hivi mtaa mzima tuliangalia kwa yule mmoja aliyenunua mapema, mbogo wa mtaa yule, alikuwa anatuchagulia chaneli. Tukavuka. Kwahiyo hata hili la apu nadhani tutavuka, mi sio mtu wa kulilia antena. Lakini king'amuzi kilikuwa mlango wa pesa tu, ukishaingia ndani mnakutana. Huku kwenye apu ukishaingia uko peke yako.

Nikamuuliza mpwa, na wenzetu ng'ambo wamefanyaje? Yeye akishaanza hamalizi. Akaniambia kwanza hizi tamthilia za kila siku kwa Kiingereza zinaitwa za sabuni, kwa sababu miaka ya 1930 kule Marekani viwanda vya sabuni ndo vilidhamini michezo ya redio, mama anafua huku anasikiliza. Nikacheka, nikamwambia kumbe dada na kanga yake amerudi kwenye asili. Ila baadae nikiwa napiga pasi nikafikiria vizuri, zamani mwenye sabuni alilipa ili mama asikilize bure, saizi mama analipa mwenyewe na tangazo la sabuni bado anawekewa.

Akaniambia kuna moja inaitwa Days of Our Lives, imeanza 1965, ilikuwa kwenye televisheni ya NBC kila siku ya kazi. Mwaka 2021 mwezi wa tisa wakaizalishia mtoto, Beyond Salem, sehemu tano, kwenye apu yao ya Peacock peke yake. Mwaka uliofuata mwezi wa saba wakatoa tano nyingine, na humo ndani wakawarudisha Bo na Hope, na hao ndo wapenzi ambao mashabiki waliwalilia miaka. Unaona? Wakaweka pale kitu ambacho watu walikuwa wanakisubiri. Halafu tarehe 12 Septemba 2022, mama mwenyewe akamfuata mtoto, tamthilia nzima ikatoka kwenye televisheni ikahamia apu, karibu miaka 57 watu wanawasha TV saa zao, ile saa ikapewa taarifa ya habari. Sijasema walipanga hivyo tangu mwanzo, sipo kichwani mwao. Ila kama mimi ningetaka kuhamisha familia kimyakimya ningeanza kumhamisha mtoto anayependwa.

Mpwa akanibishia, na hapa nampa haki yake. Akasema shangazi, ile ingebaki kwenye TV ingekufa, na kule kwenye apu mpaka saizi inaishi. Akanitajia Guiding Light ilianza kwenye redio 1937 ikahamia televisheni 1952, na 2009 wakaizima, miaka 72, hamna apu iliyoidaka. Nikamwuliza na waliodakwa wote wameishi? Akasita. Akasema kuna mbili, All My Children na One Life to Live, televisheni ilizifuta, Aprili 2013 zikafufuliwa kwenye intaneti, hazikumaliza mwaka. Na ile ya Australia, Neighbours, ikaisha 2022, apu ikaifufua 2023, na 2025 wakatangaza wanaizima tena. Basi tukabaki hapohapo, yeye hajashinda na mimi sijashinda, tukala mlenda.

Na mimi moyoni nimebaki hapohapo kwenye mengi. Bila hii apu yule dada angekufa na sinia lake. Hamna mtu wa TV angempa mwigizaji wa chai sehemu nane zake, wadhamini wasingekubali, wangesema nani anamjua. Na binti yangu Dar anaangalia akiwa kwenye daladala akitoka kazini saa tatu usiku, yeye hiyo saa moja na nusu hajawahi kuwa nyumbani, je na yeye asione? Sasa hivi ananipigia simu tunaongelea dada, kabla ya hapo tulikuwa tunaongelea hela tu. Hilo nalo ni la apu.

Alafu kuna njia ya pembeni ambayo kila mtu anaijua na hakuna anayeiandika. Karibu na stendi kuna vijana wenye kompyuta, unaenda na flashi unawekewa, sehemu zote nane shilingi elfu mbili. Niliwaza nimpelekee mama wa vitumbua flashi niichomeke kwenye TV yangu. Nikaenda. Kijana akaniuliza unataka iliyotafsiriwa? Nikamwambia ni ya Kiswahili hiyo. Akasema najua mama, kuna DJ ameisimulia juu yake, inanoga. Yani Kiswahili kimetafsiriwa kwa Kiswahili. Nikarudi na flashi yangu tupu, sio kwamba mi mtakatifu, nilifikiria tu yule dada sinia analibeba miaka mitatu, sasa hivi amepata cha kwake na mimi naenda kumwibia kwa elfu mbili. Hata kama hela yenyewe ya apu hatujui inamfikia au inaishia njiani.

Sasa ombi langu kwa watayarishaji, na ni moja. Wazae watoto wanavyotaka. Wampe mlinzi wa geti tamthilia yake, wampe yule mganga, wampe hata paka wa ile nyumba, waweke kwenye apu, anayetaka atafuata na atalipa, mimi wa kwanza. Ila fundo la ile kubwa wasilifungulie kule. Mtoto wa nani, nani aliua, nani alichoma ile hati, hayo yalianza mbele yetu saa moja na nusu, yaishie mbele yetu saa moja na nusu. Kule kwenye apu watuonyeshe alivyonusa kanga, hilo sitalalamika, asiyeona amekosa kitu kizuri lakini Jumatatu hajapotea. Mshono wa pembeni unaweza kuufumua na nguo ikabaki nguo, ukifumua wa begani mteja anatoka uchi. Mimi sijasoma uandishi, ila hili nadhani mtu yoyote mwenye sindano analijua.

Na kama lazima walifungulie kule basi waturushie walau sehemu ile moja kwenye TV, mara moja, Jumapili hata mchana, waseme mapema. Wafanye hesabu zao za wadhamini, mi nawahakikishia kibanda changu kitajaa mpaka nje.

Kwa mama wa vitumbua nimeshaongea nae, wiki mbili alikuwa haji, anauza palepale kwake anapita mbali. Juzi kaja kushonesha sketi ya mjukuu, nikampima, tukawa tunazunguka zunguka kwenye maneno, mwisho akauliza bila kuniangalia, hivi hiyo kanga ilikuwa rangi gani? Nikasema kijani. Akasema nilijua. Nimemwambia aje Jumapili saa tisa, nimeshaunga bando, simu nitaiegemeza kwenye cherehani na tunaanza sehemu ya kwanza, na mimi nitakuwa kama sijaiona.

Fundi cherehani,
Majengo, Dodoma